Somo Yangu Sikudhani

Bomba la uani lilikohoa mara mbili, likanyamaza, kisha likaanza kutiririsha maji kidogo kidogo ndani ya ndoo tupu. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Sikudhani alifumbua macho. Maji ya Manzese huja yanapotaka yenyewe, na yakija saa kama ile lazima mtu aamke ayakinge kabla hayajakatika. Akajifunga kanga, akatoka uani miguu peku, akaanza kupanga ndoo na madumu.

Mama yake, Munira, alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Sufuria ya uji wa ulezi ilikuwa ikichemka taratibu.

"Siku," mama aliita. "Ukimaliza hayo maji, oga. Leo unakwenda Vingunguti kwa somo yako."

"Leo, mama? Si leo Jumamosi?"

"Ndiyo, leo. Jirani yake, Mama Demetria, kanipigia jana. Anasema somo yako ana homa, hakwenda kazini. Mie siwezi kutoka, nina magauni ya watu ya harusi hayajapigwa hata pindo. Umpelekee uji huu, umtazame hali yake, urudi uniambie. Akiwa kazidiwa, nitaiacha cherehani niende mwenyewe. Na ukiwa huko huko, mwulize habari ya jina lenu."

Habari ya jina ilikuwa kazi waliyopewa na Mwalimu Auleria, mwalimu wa darasa la sita. Kila mwanafunzi aulize jina lake lilitoka wapi, lina maana gani, na nani alimpa. Mwenye jina la mtu aliye hai amwulize mtu huyo mwenyewe. Sikudhani alikwisha kumwuliza mama yake, naye mama, huku pini zimejaa mdomoni, alimjibu, "Hiyo si yangu kuisema. Mwenyewe yupo, mwulize."

Sikudhani hakulipenda jina lake. Darasani walikuwepo akina Blessing na Naima, majina yaliyopita masikioni bila kumgeuza mtu shingo. Lakini lake likiitwa, Talha wa dawati la nyuma hakukosa kudakia, "We Sikudhani, hukudhani nini?" na wenzake wakacheka.

Tena afadhali jina kuliko mwenye jina. Bi Sikudhani wa Vingunguti, ambaye nyumbani kwao hakuitwa ila Somo, alikuwa muuza utumbo. Kila siku kabla jua halijachomoza alikuwa karibu na machinjio, kavaa mabuti ya mpira, anaosha utumbo kwenye mabeseni makubwa na kuwauzia wapika supu. Alipokuja Manzese kuwatembelea, hakuja mikono mitupu hata siku moja. Lakini harufu ya kazi yake ilimtangulia mlangoni. Na alikuwa na tabia moja ambayo Sikudhani hakuielewa: kabla ya kuketi, angemshika Sikudhani mashavu kwa viganja viwili, kama mtu anayepima joto, na kumtazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Basi asubuhi ile Sikudhani alipokea chupa ya uji, akaaga, akashika njia. Alifika mpaka kituoni. Gari la kwanza lilipita, la pili likapita. Aliwaza mtaa wa Vingunguti, nzi, na mabeseni. Pale pale akasikia anaitwa. Ni Blessing, kasimama na kamba ya kuruka.

"Siku! Njoo kwetu, tumekosa mtu mmoja!"

Akaenda. Waliruka kamba mpaka jua likawa kali. Kiu ilipombana, alikaa nyuma ya nyumba peke yake, akanywa kikombe kimoja cha uji ule. Uliobaki akaumwaga mtaroni, akatikisa chupa kuhakikisha haina kitu.

Aliporudi nyumbani adhuhuri, mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Umemkuta anaendeleaje?"

"Mzima, mama. Nimemkuta anafagia uwanja. Anakusalimu sana."

"Alhamdulillahi," mama alisema, na mabega yake yakashuka kwa faraja. "Nilikuwa na wasiwasi. Kakwambia habari ya jina?"

"Kasema ataniambia siku nyingine."

Mama aliamini. Akaendelea kushona.

Jumatatu darasani, wanafunzi walisimama mmoja mmoja. Blessing alisema mama yake alimpa jina lile kwa kuwa siku aliyozaliwa ndiyo siku baba yake alirudishwa kazini. Talha alisema lake ni la babu yake, aliyekuwa fundi wa paa, na kwamba babu huyo bado yu hai, anakula miwa kwa meno yake mwenyewe. Darasa likacheka, na Mwalimu Auleria naye akacheka. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona akimkatiza mtu mwenye kigugumizi.

"Nimefurahi sana," mwalimu alisema. "Basi Ijumaa tutafanya jambo. Wale wote mlioitwa kwa majina yao, walio hai, tutawaalika hapa darasani. Waje wakae nasi watusimulie wenyewe. Babu yake Talha atakuja. Na wewe, Sikudhani? Jina lako si la mtu?"

Sikudhani alisimama. Akilini akamwona Somo akiingia pale mlangoni na mabuti yake. Akamwona Talha akiziba pua. Akaona madawati yote arobaini yakigeuka kumtazama yeye. Neno likamtoka kabla hajalifikiri.

"Hayupo, mwalimu. Amefariki."

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Maskini," mwalimu alisema. "Lini, mwanangu?"

"Jumamosi."

Alitarajia kuulizwa maswali, naye alikuwa tayari kuyajibu. Hakutarajia yaliyofuata. Mwalimu Auleria alikuja mpaka kwenye dawati lake, akamkumbatia. Darasa zima likasimama kimya kumwombea marehemu. Wakati wa mapumziko Blessing alimkatia nusu ya chapati yake, macho yamemjaa machozi, akasema, "Jumamosi tulikuwa tunaruka kamba, kumbe wewe unafiwa!" Hata Talha alikuja, akasimama mbali kidogo akichora chini kwa kiatu.

"Sikudhani, zile za hukudhani nini, nisamehe. Mie nilikuwa natania tu."

"Haina neno," Sikudhani alijibu. Chapati hakuimaliza. Wangemtukana angepata nafuu. Kila aliyemtendea wema alimwongezea hofu, kwa maana kila mmoja alikuwa na siku yake ya kuja kuujua ukweli.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, mwalimu alimwita. "Kesho baada ya vipindi, mimi na wenzako wawili tutakwenda kuhani. Utatuongoza."

"Mwalimu, ni Vingunguti. Ni mbali."

"Mbali gani, mwanangu? Mimi nimetoka Bukoba."

Sikudhani alirudi nyumbani kama mtu anayetembea juu ya matope. Kitu kingine kilikuwa kimeanza kumtisha, kikubwa kuliko viboko. Tangu akiwa mdogo amewasikia watu wazima wakikemeana, "Usinichurie!" pale mtu anapotaja kifo au balaa ovyo. Na yeye amesema nini? Amemtaja mtu aliye hai kuwa amekufa, mbele ya darasa zima, na darasa zima likamwombea. Je, kama uchuro ule utamfuata Somo mpaka kitandani?

Magharibi ilikuwa inaingia simu ya mama ilipolia. Mama aliisikiliza amesimama, na taratibu akakaa.

"Nini? Tangu lini, Mama Demetria? ... Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Sikudhani alimsogelea. "Nini, mama?"

"Somo yako. Wamemkuta chumbani kalala sakafuni, hana nguvu hata ya kusimama. Mama Demetria alikuwa Kibaha kwa mwanawe, karudi leo kakuta mlango umefungwa kwa ndani. Anasema huenda tangu Jumamosi hajatia kitu mdomoni." Mama alikuwa akitafuta mtandio huku akizungumza. Ghafla akasimama mlangoni. "Lakini wewe Jumamosi ulimkuta anafagia uwanja?"

Pale ndipo angeweza kusema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Lakini hofu ilimshika ulimi.

"Ndiyo, mama."

"Basi homa imempanda ghafla," mama alisema, akaamini tena, akatoka mbio kutafuta bodaboda.

Asubuhi ya Jumanne mama alikuwa hajarudi. Baba yake, Mzee Khalfani, alipiga simu yake mara tatu. Haikupatikana.

"Itakuwa imeisha chaji," baba alisema. "Usiogope, mwanangu. Nenda shule. Mie nikitoka karakana nitapitia huko."

Usiogope! Sikudhani alivaa sare zake, vifungo vikimpotea. Alitamani mvua inyeshe, mwalimu augue, barabara ifungwe. Lakini jua liliwaka, na mwalimu alikuwepo, tena amevaa kitenge cha heshima. Juu ya meza yake palikuwa na mifuko. Wanafunzi walikuwa wamekuja kila mmoja na alichoweza kutoka nyumbani kwao, huyu kikombe cha unga, yule kikombe cha sukari, vimekusanywa mpaka vimejaa mfuko mmoja wa unga na mwingine wa sukari. Hakuna aliyewalazimisha.

Walikwenda wanne: mwalimu, Blessing, Talha na Sikudhani. Walipanda magari mawili, wakashuka, wakaanza kutembea. Talha alijitwisha mfuko wa unga kichwani, wa sukari kaushika mkononi, bila kunung'unika. Walipokaribia machinjio harufu iliwapokea, na kunguru walikuwa wamejaa juu ya mabati. Sikudhani alimtazama Talha kwa jicho la pembeni. Talha hakuziba pua. Alikaza shingo tu, macho mbele, kwa heshima ya msiba.

Mara tatu njiani Sikudhani alifungua mdomo kusema. Mara ya kwanza pikipiki ilipita. Mara ya pili mwalimu alimshika bega, akamwambia, "Jikaze, tumekaribia." Mara ya tatu hakuna kilichomzuia ila yeye mwenyewe.

Wakakata kona ya mwisho, na Sikudhani akasimama kama aliyepigwa.

Mbele ya nyumba ya Somo palitandikwa mkeka mkubwa. Wanawake saba au wanane walikuwa wameketi, kanga vichwani, hawazungumzi. Mmoja alikuwa ameinamisha uso viganjani. Kando ya mlango mabuti ya mpira yalikuwa yamesimama pamoja, yameoshwa, hayana mtu.

Amekufa. Sikudhani hakuwaza kitu kingine. Somo amekufa kweli.

"Hapa ndipo?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini. Alianza kujitanda kitenge vizuri. "Haya, watoto. Mtaamkia, kisha mtakaa kimya."

Ndipo wazo likamjia Sikudhani, nalo lilimwogopesha kuliko yote. Kama Somo amekufa, basi uongo wake umegeuka kuwa kweli. Hakuna atakayejua. Mwalimu ataingia, atatoa pole, ataondoka. Mama ataendelea kuamini habari ya uwanja uliofagiwa. Yeye Sikudhani alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kutembea hatua kumi mpaka kwenye ule mkeka.

Alipiga hatua mbili. Ya tatu haikwenda.

"Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka kama si yake. "Nilipokwambia amefariki, alikuwa hajafa."

Mwalimu Auleria aligeuka. "Unasema?"

"Alikuwa mzima, yaani alikuwa mgonjwa, ila mie sikujua kuwa kazidiwa. Mama alinituma Jumamosi nimletee uji na kumtazama. Sikuja. Nilikwenda kuruka kamba kwa kina Blessing. Uji nikanywa, mwingine nikaumwaga. Nikamwambia mama nimemkuta anafagia. Shuleni nikasema amekufa kwa sababu niliona haya, sikutaka aje darasani, mngesema ananuka utumbo. Na sasa amekufa kweli. Mie ndiye niliyemchuria. Mie ndiye niliyemuua!"

Maneno ya mwisho aliyatoa kwa kilio, na mtaa mzima ukasikia. Wanawake wote kwenye mkeka waliinua vichwa. Blessing alishika mdomo. Mlangoni akatokea mama yake, Munira, kashika beseni la maji, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amesikia kila neno.

Mara kutoka dirishani, nyuma ya pazia, ikasikika sauti nyembamba ya kukwaruza:

"Nani huyo kafa? Kama ni mimi, mbona hamjaniambia? Mie hapa nakunywa uji."

Mwanamke aliyekuwa ameinamisha uso viganjani alipasuka kwa kicheko. Alikuwa Mama Demetria, na kumbe alikuwa akisinzia tu, kwa kuwa hakulala usiku uliopita.

"Jamani, sie tumekaa kimya mgonjwa apate usingizi!" alisema akijipangusa macho. "Tangu jana alikuwa zahanati, kawekewa dripu, malaria ilimkausha maji yote mwilini. Wamemruhusu leo mchana. Wenzake wa kwenye mabeseni tumekuja kumjulia hali. Msiba umetoka wapi?"

Sikudhani alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mama yake aliweka beseni chini, akamwendea. Hakumpiga. Angempiga pengine ingekuwa nyepesi. Alimtazama tu.

"Nilikuuliza mara mbili," mama alisema. "Jana nilikuuliza nikiwa nimesimama mlangoni. Nikakuamini."

"Nisamehe, mama."

"Si mimi wa kwanza. Inuka. Nenda ndani."

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, na kitanda kilishika nusu yake. Somo alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amekonda uso kwa siku tatu, mdomo umepasuka kwa homa. Mkononi alikuwa bado na bandeji pale ilipoingia sindano ya dripu. Mwalimu, Blessing na Talha waliingia nyuma yao, wakasimama ukutani. "Shikamoo," walisema wote kwa sauti za chini.

"Marahaba, wanangu. Marahaba, mwalimu, karibu, samahani sina hata kiti." Kisha akamtazama Sikudhani. "Somo yangu."

Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda. Alieleza yote tangu mwanzo, kituoni, kamba, uji, mtaro, darasani. Hakuruka kitu. Aliposema neno "utumbo" alitazama chini. Somo alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi," Somo alisema polepole, "kila nikisikia miguu inapita nje, nilikuwa nasema, huyo ni mtu wa kwa Munira. Nilikuwa nangoja hata maji tu."

Sikudhani alificha uso kwenye godoro.

"Nitazame. Sikwambii ili ulie. Nakwambia ili ujue kilichotokea, maana wewe unaogopa kitu ambacho sicho. Kule kusema kwako nimekufa hakukunigusa hata unywele. Maneno hayampi mtu malaria. Mbu ndiye kanipa, na neti yangu ina matundu nimeiacha miezi miwili sijaishona, hilo ni kosa langu. Uongo ulioniumiza ni ule mwingine. Ule uliosema mimi ni mzima. Huo ndio uliomzuia mama yako asije."

Nje kunguru walipiga kelele kisha wakatulia.

"Ulitakiwa uniulize habari ya jina," Somo aliendelea. "Basi kaa vizuri. Mwalimu naye asikie, ndiye aliyeitaka. Mama yangu alizaa watoto wanne kabla yangu. Kwetu Kisarawe. Hakubaki hata mmoja. Nilipozaliwa mie wa tano, siku ya saba ilifika hakunipa jina. Aliogopa kunizoea. Watu wakimwuliza mtoto anaitwa nani, hasemi. Siku ya arobaini ndipo mtoto hutolewa nje. Akanitoa, jua likanipiga usoni, nikapiga chafya. Mama yangu akasema, 'Sikudhani.' Sikudhani kama huyu atalifikia jua. Bibi yangu akasema, 'Basi ndilo jina lake, msitafute jingine.' Kwa hiyo si jina la mzaha, somo yangu. Ni jina la mama aliyekuwa anaogopa, kisha akashukuru."

Talha aliishusha mifuko chini.

"Na mimi?" Sikudhani aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa nini nikapewa mimi? Wewe si ndugu yetu."

Somo alimtazama Munira. "Hiyo mwambie wewe. Mie mwenyewe kujisifu siwezi."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulizaliwa njiti. Miezi saba, kilo moja na robo. Mie nilitoka damu nyingi, nikapelekwa wodi nyingine, sijijui. Baba yako alikuwa Mtwara kwenye kazi ya vyuma, simu hazimpati. Manesi walisema huyu mtoto anahitaji joto la mtu, abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Nesi akatoka barazani akauliza, 'Ndugu wa Munira yupo?' Kimya. Akauliza tena. Huyu mama alikuwa pale, kampelekea mgonjwa wake supu. Akasimama akasema, 'Ndugu yake si mimi, simjui. Lakini kifua ninacho.'"

"Nesi akanisugua mikono kwa sabuni mpaka ikawaka moto," Somo alidakia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kwa ajili ya hiyo harufu ya utumbo. Kila asubuhi ananisugua. Nikamwambia, dada, utafika kwenye mfupa."

"Siku kumi na moja," mama alisema. "Alikubeba siku kumi na moja. Mabeseni yake aliyaacha. Alilala amekaa. Nilipopata fahamu na kuletwa kukuona, nilikukuta ndani ya kanga yake umelala, una joto. Nikamwuliza jina lake. Sikuwa na kingine cha kumpa, ndiyo maana nikakupa wewe jina hilo."

Sikudhani alimtazama mwanamke yule kitandani. Akaelewa kwa nini kila akija humshika mashavu kwa viganja viwili na kunyamaza. Alikuwa bado anampima joto, miaka kumi na miwili baadaye. Sikudhani aliuchukua mkono ule wenye bandeji, akauweka shavuni mwake, akalia. Safari hii hakuwa analia kwa hofu.

Mwalimu Auleria alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, kisha akakohoa kama afanyavyo anapotaka darasa limsikilize.

"Sikudhani, pale njiani ungeweza kunyamaza, na mimi nisingejua. Uliogopa sana, lakini ulisema. Hilo nimeliona. Hata hivyo, kesho utasimama mbele ya wenzako uwaeleze kweli yote, kwa sababu walikuombolezea kwa moyo safi. Nitasimama karibu nawe. Na nyote watatu mkumbuke: mtu akikutuma kwa mgonjwa, jibu lako ndilo macho yake. Ukimdanganya, umemfumba macho, na anayeumia ni yule aliyelala kitandani. Ukikosea, rudi haraka useme. Ungesema Jumamosi jioni, somo yako angepata dawa Jumamosi jioni."

"Ndiyo, mwalimu," Sikudhani alisema. "Nitasema kesho."

"Na mimi nitakaa dawati la mbele," Talha alisema. "Atakayecheka nitamwona."

Kisha akauinua mfuko wa sukari, akaonekana kuchanganyikiwa. "Lakini mwalimu, hii sukari ya msiba sasa tunaifanyaje?"

Mama Demetria, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alimpokonya mfuko. "Sukari haijui msiba, baba. Inakwenda kwenye uji."

Wote wakacheka, hata mama, ingawa kicheko chake kilikuwa bado na uchovu. Sikudhani aliomba uzi na sindano. Alipanda juu ya stuli, akaishona neti tundu kwa tundu, Blessing akimwangazia kwa tochi ya simu ya mwalimu. Alipomaliza aliosha kikombe, akamnywesha Somo dawa zake za saa kumi kama karatasi ya zahanati ilivyoandika, na hakuondoka mpaka alipoona amezimeza.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoaga. Mwalimu alisema pole mara ya mwisho. Blessing na Talha walitoka. Sikudhani alibaki nyuma akikunja ncha za neti chini ya godoro.

"Ijumaa sitaweza kuja shuleni kwenu," Somo alisema, macho yameanza kuwa mazito. "Miguu haijapata nguvu."

"Najua, somo. Upumzike."

"Basi wewe ndiye uje. Njoo tena Jumamosi. Usije na uji wala kitu chochote, njoo wewe tu nikuone."

"Nitakuja, somo."

Bi Sikudhani alifumba macho, mkono umeshika ncha ya sare ya somo yake.

"Nitaacha mlango wazi," alisema. "Ufike."